Mtunza Corbeille wa Mama Henriette

Hénock Banza alikuwa mtu wa shimo kabla hajawa mtu wa kompyuta, na bahati mbaya hakuna aliyemwambia kwamba hizo ni kazi mbili.

Alitoka Malemba-Nkulu na diploma ya serikali ndani ya soksi, akafika Kolwezi kama wanavyofika wote: anakuja kusalimia mjomba, na kabla ya Jumapili yuko chini ya ardhi akisaka madini, na tochi kichwani. Alichimba Mutoshi. Alichimba kando ya Mashamba. Alichimba hata sebuleni kwa huyo mjomba, maana Kolwezi ukisikia sakafu inalia kama debe tupu hauiti fundi, unachukua nyundo ukaulize kuna nini chini. Mjomba alihama baada ya kochi kuzama.

Siku moja shimo likajifunga nyuma yake. Banza alitokea upande mwingine, katika tundu la watu asiowajua, na kiatu kimoja, mwekundu kama tofali. Alipofika nyumbani mke wake Mignonne alikuwa anasonga bukari. Hakulia. Alimaliza kusonga, akaweka mwiko chini, akasema:

— Banza, unisikie muzuri. Siku utashuka tena mu shimo, mi nachukua batoto, narudi kwetu Kamina. Sitakuwa mujane wa mutu mwenye diploma.

Mignonne hakuwa mtu wa kutisha bure. Alikwisha kuacha mume mmoja kwa sababu ya kukoroma tu.

Ndiyo maana Banza akaanza kutafuta kazi ya juu ya ardhi, na akaipata katika kwaya. Mama Henriette, ambaye sauti yake ya kwanza ilikuwa ikizima mishumaa, alikuwa na secrétariat public kando ya barabara ya soko: kompyuta moja, printa moja, na benchi la wateja waliokuja kuandikiwa maombi ya kazi, kadi za arusi na maisha ya marehemu. Alimchukua Banza avute kamba ya jenereta. Mwezi haujaisha, binti aliyekuwa anapiga herufi akaolewa Likasi, kiti kikabaki wazi, na Banza akavuta kamba mara ya mwisho akaketi.

Somo lilichukua muda wa chai kupoa.

— Hii ni souris, Mama Henriette akamwambia, akimshikisha kipanya. Ukifinya ku kushoto, unafungua. Ukifinya ku kuume, ile clic droit, menu inashuka. Mu menu njo muko kila kitu. Usiguse kitu yenye haujue.

Banza akafinya kulia. Orodha ya maneno ikashuka kama ngazi ya kamba, naye akaisoma kama mchimbaji anavyosoma ukuta, kwa kuugongagonga. Ouvrir alilielewa: kufungua. Copier lilimfurahisha mpaka akacheka peke yake: kitu kimoja kinakuwa viwili bila jasho! Couper, kukata, lilimtia hofu. Alipoligusa, alama ya faili ilipauka kama uso wa mtu aliyesikia habari mbaya kutoka kijijini, akaliacha haraka kabla damu haijatoka. Renommer, kubadili jina, aliona ni ubatizo. Na kwa kuwa kila shimo duniani lina mwenyewe, bosi ambaye wachimbaji humwita PDG, alifungua Propriétés, yaani mali, ajue PDG wa mafaili haya ni nani. Akakuta jina Utilisateur. Akafungua faili jingine: Utilisateur. Jingine tena: Utilisateur. Kwa wiki nzima Banza alijiuliza huyu Bwana Utilisateur, yaani Bwana Mtumiaji, ni mtu wa namna gani, mwenye mali yote hii, asiyekuja hata siku moja kuitembelea.

Kisha akagusa Supprimer.

Ilikuwa kadi ya arusi, bwana arusi mwenyewe ameketi kwenye benchi. Kadi ikayeyuka. Banza akahisi shimo likijifunga tena. Lakini pembeni mwa kioo cha kompyuta kulikuwa na kipipa cha taka kiitwacho Corbeille. Akakifungua, na kadi hii hapa, nzima kabisa, na maua yake. Clic droit, Restaurer. Ikarudi palepale ilipokuwa imekaa.

Mtu wa Paris au wa Kinshasa angeshukuru Mungu na kuendelea na kazi. Banza alikuwa mtu wa Kolwezi, akaanza kufikiri.

Kila mtu anayeishi katika mji ule anajua historia yake ya kweli, ambayo haifundishwi shuleni. Vitu vilivyofungiwa ndani ya depo viko wapi? Nati ziliondoka, mabati yakaondoka, reli ikaondoka, kufuli ikaondoka, na mwisho mlinzi mwenyewe akaondoka na mlango mgongoni. Lakini udongo ule uliotupwa, remblai, vile vilima ambavyo wazungu walivisukuma pembeni wakasema havina faida? Ulibaki. Ulinyeshewa, ukaoteshwa majani, ukakojolewa na mbuzi wa vizazi vitatu, na leo nusu ya mji inakula kutoka humo. Kilichotunzwa huibwa. Kilichotupwa hungoja.

Basi, mahali salama kuliko pote ndani ya kompyuta ni wapi?

Tangu siku hiyo Banza alimaliza kuandika, akachapa, kisha kwa heshima kubwa akafanya clic droit, Supprimer, na kuliteremsha faili mahali pa amani. Kazi za wanafunzi, mahubiri ya wachungaji, ripoti ya wafugaji wa parokia, mashtaka ya majirani kuhusu mbuzi walewale, vyote vikaenda kungoja. Mteja akirudi, Banza alikunja mikono ya shati, akashuka ndani ya Corbeille, Restaurer, akapanda na mzigo wake. Wateja walimwona anavyotoka jasho wakamheshimu.

Mama Henriette naye alifurahi. Kioo kilikuwa kitupu, kisafi.

— Tata Banza, uko mutu wa usafi, alisema. Ule mutoto wa kwanza alikuwa anaachanga bitu ovyo kama soko imefungwa na mvua.

Banza akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Sifa hizo aliona zinamstahili.

Asubuhi moja akaja Tata René, mwenye suruali nyeusi na sura ya mtu anayebeba ukoo mzima. Mdogo wake, Dodo, alikuwa amekufa. Maziko ni kesho. Alitaka maisha ya marehemu, kurasa mbili, kwa Kiswahili ili mama mzazi asikie, na picha aliyokuja nayo ibandikwe juu. Aliyatamka kwa mdomo, akisimama kila mara kufuta jicho, na Banza akayapiga kama anavyopiga nyundo, pigo moja moja, bila kuuliza jiwe linasema nini. Walipofika mwisho umeme ukakatika, ila betri ya kompyuta ilikuwa na pumzi kidogo.

— Inabaki muzuri? René akauliza.

— Tata, fasi naweka ile ya ndugu yako, hata mwizi hataifikia.

Clic droit. Supprimer. René akaenda kushughulikia sanduku. Banza akazima mashine, akachukua bidoni, akaenda kutafuta petroli ya jenereta.

Alipokuwa njiani umeme ukarudi, na pamoja na umeme akarudi Mama Henriette, ambaye alikuwa ameenda kuwasalimia wakwe. Aliwasha kompyuta. Akaona kioo kisafi kama sahani ya mtu mwenye njaa. Akaona pia, pembeni, kile kipipa kimejaa makaratasi mpaka juu, mbele ya wateja, kama aibu. Mwanamke aliyelelewa vizuri hawezi kuona taka akakaa. Akafanya clic droit juu ya Corbeille, na katika menu iliyoshuka akachagua Vider, kumwaga vyote.

Mashine ikamuuliza kama ana hakika.

— Inaniuliza mi? alisema kwa benchi zima. Mi njo mwenye duka!

Banza aliingia na bidoni yake wakati ule ule mashine ilipotoa sauti ya karatasi inayofinyangwa. Alijua sauti za vitu vinavyoporomoka. Bidoni ikaanguka.

— Mama, umefanya nini?

— Nimetupa taka.

— Taka gani? Ile njo depo!

Ilimchukua Mama Henriette muda kuelewa, na kadiri alivyoelewa ndivyo sauti yake ilivyopanda, mpaka ikafika pale mishumaa inapozimika.

— Banza! Mutu anaweka mali ya bateja mu pipa ya taka?

— Mama, iko mutu anavidanga pipa bila kuuliza kuko nini mule?

— Duniani kote, Banza! Duniani kote banavidanga!

Mteja mmoja kwenye benchi akasema kwamba kusema haki, tata huyu hakukosea sana, hata yeye pesa zake anaziweka ndani ya kiatu kibovu. Mama Henriette akamwangalia, mteja akakumbuka ana shughuli soko.

— Sikia, Mama Henriette akasema polepole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. Ile ya Tata René isipotoka leo, kesho usikuje. Utarudi mu shimo yako.

Banza aliona barabara ya Kamina, na Mignonne juu ya lori, na watoto juu ya magunia, na hakuna anayegeuka nyuma.

Wakamwita Gael, fundi wa simu wa kibanda cha jirani, aliyekuja na ufunguo wake wa USB shingoni kama msalaba.

— Mashine haifutagi kitu, Gael akaeleza huku anabofya. Inasahau tu fasi ilikiweka.

— Kumbe chini ya remblai kuko remblai ingine! Banza akasema, na kwa dakika hiyo alikuwa mwanaume mwenye furaha kuliko wote wa Lualaba.

Furaha haikudumu. Mafaili yalirudi kwa maelfu, lakini bila majina, kila moja na namba tu, kama watu waliotoka jela. Mengine yalikuwa nusu. Gael akafunga begi lake, akasema kazi yake imeisha, kutambua maiti ni kazi ya familia.

Banza akaanza. Clic droit, Ouvrir: mahubiri. Clic droit, Ouvrir: mbuzi. Clic droit, Ouvrir: nusu ya bibi arusi. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya soko alipompata Dodo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzima: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alifanya kazi ya ufundi magari, na mstari wa mwisho ukasema, «Katika miaka yake ya mwisho alienda mara nyingi Fungurume.» Ukurasa wa pili ulikuwa matapishi ya vimraba na alama za kuuliza.

Kumpigia simu René ilikuwa kukiri, na kukiri ilikuwa Kamina. Sasa, mshipa wa madini ukikatika ghafla mbele yako, mchimbaji hatoki nje kwenda kulia. Anajua mshipa haukufa, umeruka tu. Anagonga pembeni, kushoto, kulia, mpaka aone tena rangi ileile. Banza akagonga pembeni. Akafungua faili, akafungua faili, na tazama, maandishi yaleyale, ukubwa uleule wa herufi, Kiswahili kilekile cha kanisa, yanaanza: «Huko Fungurume aliamka kila siku kabla ya jogoo.»

Rangi ilikuwa moja. Banza hakusoma zaidi; mchimbaji aliyepata mshipa hasomi, anajaza gunia. Clic droit, Copier. Clic droit, Coller, ikabandikwa. René alipofika, karatasi zilikuwa bado za moto, zimekunjwa vizuri, na picha ya Dodo juu. René alitazama picha, akafuta jicho, akaondoka.

Kesho yake Banza alienda maziko, kwa sababu aliyeandika maisha ya mtu haachi kumsindikiza. Alisimama nyuma. Shemasi akafungua karatasi, akasoma ukurasa wa kwanza, watu wakatikisa kichwa, ndiyo, ni Dodo. Akageuza.

— «Huko Fungurume aliamka kila siku kabla ya jogoo. Alisafisha banda kwa mikono yake. Pombe hakuionja maishani.»

Mtu mmoja akakohoa. Mwenye baa, aliyekuwa ameleta shada la maua kubwa kuliko yote, akainamisha kichwa kama mtu aliyesalitiwa.

— «Siri yake ilikuwa moja: hakulala hata siku moja nje ya nyumba yake.»

Wajane wa Dodo walikuwa watatu, mmoja wa kanisa na wawili wa barabara. Wakatazamana kwa mara ya kwanza, kila mmoja akiwauliza wenzake kwa macho: nyumba ipi?

— «Na kuku wake mia nane,» shemasi akamalizia, sauti ikipanda kwa imani, «wanataga mpaka leo.»

Hapo ndipo Banza alipokumbuka ripoti ya wafugaji wa parokia, na ule ukurasa wao kuhusu mfugaji wa mfano wa Fungurume. Alingoja mawe. Badala yake kilipanda kilio ambacho makaburi yale hayajawahi kusikia. Mama mzazi alilia, «Mutoto wangu, kumbe ulikuwa muzuri hivi na haukuniambia!» Wajane watatu wakashikana. Marafiki wa baa, waliokuja kumzika mlevi mwenzao, wakajikuta wanamzika mtakatifu, wakaona haya, wawili wakaapa kuacha. Banza alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, akala, akalala. Alidhani yameisha.

Lakini mtakatifu husahaulika haraka. Kuku mia nane hawasahauliki.

Jumatatu Tata René akaingia secrétariat na wajane wote watatu nyuma yake, vitambaa vyeusi vichwani, wakaketi benchi zima kama mahakama.

— Tata Banza, René akasema. Tunakuja juu ya kuku.

— Kuku gani, tata?

— Kuku ya marehemu. Tulienda Fungurume, tukauliza. Mutu moya akatuonyesha banda kubwa. Tulikuwa tumekwisha kubeba makumi mbili, mwenyewe akatoka na panga. Sasa mi sikutamka kuku, wewe njo uliandika, basi unajua. Kuku iko wapi?

Mjane wa kanisa, Mama Domitille, akanyoosha kidole:

— Mi njo wa ndoa. Zote ni zangu.

— Wa ndoa ya nini? akajibu wa pili. Fungurume alikuwa anafikia kwangu! Mi njo nilikuwa nazilisha!

— Ulikuwa nazilisha nini, na hukuyua kama ziko? Mama Domitille akamkata.

Wa tatu alikuwa amekwisha kuvua kiatu.

Mama Henriette akaingia katikati, akajaribu ukweli, kama mtu anavyojaribu nguo isiyo yake.

— Tata René, pole sana. Mashine ilichanganya makaratasi. Hakuna kuku.

René akamwangalia kwa huruma.

— Mama, shemasi alisoma mbele ya Mungu na mbele ya sanduku. Mashine inaweza kubongopa. Sasa na shemasi pia? Na mama yangu, nimuambie nini? Kama hakuna kuku, basi hata ile ya pombe ni bongo, na ile ya kulala nyumbani pia. Unataka tumufukue Dodo, tumuzike tena mulevi?

Benchi zima likakubali kwamba hilo haliwezekani.

Mama Henriette akamvuta Banza nyuma ya printa.

— Tafuta hizo kuku, akanong'ona, ao kabla jua haijazama uko mu shimo. Unanisikia?

Banza akarudi kwenye kiti. Aliangalia kioo. Kwa mazoea mkono wake ukafinya kulia, menu ikashuka, akaipitia neno kwa neno, juu mpaka chini. Ouvrir, hakuna la kufungua. Copier, Mungu apishe mbali. Jicho likasimama pale pa Supprimer. Kisha akaifunga menu bila kugusa kitu, akafungua ukurasa mweupe, akaanza kupiga, pigo moja moja, na safari hii akisoma kila herufi kwa sauti:

— «Kwa majonzi makubwa... tunatangazia familia ya marehemu Dodo... kifo cha kuku wake mia nane, wa Fungurume.»

Wajane wakashika vitambaa vyao.

— Zote? mjane wa pili akauliza.

— Zote, mama. Pole sana.

— Zimekufa na nini? René akadakia. Kuku mia nane hazikufake bure. Ni nani aliziloga?

Wajane wakaanza kutazamana tena, na kiatu kikainuka. Banza akapiga haraka kuliko alivyowahi kupiga maishani:

— «Bila mkono wa mtu. Ni ugonjwa. Uliingia banda jioni ile ile ya kifo cha mwenyewe. Waliacha kula. Walikataa hata maji.»

Mama Domitille akaweka mkono kifuani.

— Zilimufuata, akasema.

— Zilimufuata, akarudia wa pili, na sauti ikamkatika. Zilikuwa namupenda, hizi kuku.

Wa tatu akavaa kiatu chake akaanza kulia, na kwa kuwa kilio hakililiwi peke yake, wenzake wakampokea, na Tata René akavua kofia. Mama Henriette, mwenye moyo wa kwaya, hakuweza kujizuia. Akaanzisha wimbo wa marehemu, sauti ya kwanza, na wapita njia wakasimama mlangoni kuuliza amekufa nani. Wakajibiwa. Wengine wakaingia kukaa kidogo, kama inavyopasa. Karatasi ikachapwa na kugawanywa. Mabaki, Banza aliandika chini kwa hekima, yalichomwa na daktari wa mifugo, kwa hiyo hakuna wa kurithi wala wa kupika.

Walipoondoka, wajane watatu wakiwa wameshikana mikono kwa sababu hakukubaki kitu cha kugombania, Mama Henriette alijifuta uso, akakaa, akamtazama mfanyakazi wake.

— Banza.

— Mama.

— Kesho ukuje mapema. Kuko kadi za arusi. Na ukizimaliza, unaziacha hapa juu ya kioo, mbele ya macho yangu, hata kama ni uchafu.

— Ndiyo, mama.

Alitembea mpaka nyumbani kama mtu aliyetolewa kwenye tundu la watu wengine. Mignonne alikuwa anasonga bukari. Alimwangalia miguu kwanza, kama kawaida yake, akaona viatu viwili, visafi, akarudi kwenye sufuria.

— Na leo? Ulifanya nini ku kazi?

Banza akaketi. Akafikiri aanzie wapi, akaona hakuna pa kuanzia.

— Leo niliua kuku mia nane.

Mwiko ukasimama. Mignonne akageuka polepole, akatazama mikono yake mitupu, akatazama chini ya kiti, akatazama mpaka nje ya mlango.

— Mia nane, akasema. Na hukuleta hata moya?